Safu ya Asili

Saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi, siku ya Jumanne, tone la damu la dada yangu Zaina lilikataa kushikana. Saa naijua kwa sababu Mpimaji aliiandika kitabuni, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa maabara na chupa ya spiriti aliyoagiza kutoka bohari. Alitikisa kigae cheupe juu ya kisanduku chake chenye joto, akahesabu kimyakimya, akatikisa tena. Chembe zilibaki laini kama maziwa yaliyotiwa rangi. Akachukua tone jingine, kisha la tatu. Ndipo akasema kwa Kifaransa, kama mtu anayejisemea, "Hii ni damu ya Wazungu."

Ukumbini kulikuwa na mfagizi na wanawake wawili waliosubiri zamu. Adhuhuri haikufika kabla sentensi hiyo haijafika mtaa wa Mahabibo.

Nimeanza na kosa lake kwa sababu yeye mwenyewe angeanza hapo. Kila mwezi, kabla ya kujumlisha hesabu zake, alisoma kwanza orodha ya makosa aliyoyafanya mwezi uliopita. Alikuwa nayo, nyuma ya kitabu, kwa wino mwekundu. Watu wengine wa hospitali ya Mahajanga walikuwa na picha za watoto wao mezani. Yeye alikuwa na orodha hiyo.

Tulimwita Mpimaji, na wadogo tulimwita zama, yaani mjomba, kama anavyoitwa mtu mzima yeyote wa heshima upande ule wa Madagaska. Alitoka kisiwa cha Nosy Be. Alihesabu kwa Kifaransa, alisali kwa Kiarabu, na alipochomwa na moto wa spiriti alilaani kwa Kisakalava. Kiswahili alikuwa na maneno yake machache, ya bandarini na ya msikitini, kama wengi wetu. Mazungumzo ninayoyaandika hapa yalikuwa ya Kisakalava na Kikomoro. Nimeyaweka kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza, bila kuyapamba.

Miaka hiyo ilikuwa ya mwanzo ya uhuru. Bendera ilikuwa mpya lakini vigae vilikuwa vilevile. Mimi nilitunza bohari ya dawa. Shule niliiacha mapema, na niliyoyajua niliyasoma kwenye vikaratasi vya chupa na vitabu vya zamani vya udaktari, nikiwa na kamusi pembeni. Seramu ya kupimia damu ilikuja kwa ndege, nami niliiweka kwenye friji ya mafuta ya taa. Mpimaji alikuja kuitazama kila asubuhi kabla ya kunisalimu.

Hospitali haikuwa na akiba ya damu. Friji yangu ilikuwa moja na ndogo. "Damu haikai kwenye chupa," alikuwa akisema. "Inakaa mitaani. Kazi yangu ni kujua mtaa gani." Kwa hiyo kila aliyepita mbele yake, mgonjwa, mlinzi, mchukuzi, hata karani wa kodi aliyekuja kuuliza njia, alichomwa kidole na kuandikwa. Kitabu kilikuwa na safu tano: namba, jina, mtaa, asili, na kundi la damu. Aliyehitaji damu alipokuja, Mpimaji hakukimbia ovyo. Alifungua kitabu, akaweka kidole, akasema, "Nenda Mangarivotra, nyumba ya fundi saa."

Kwa miaka mingi safu ya asili ndiyo aliyoipenda. Alinionyesha jinsi kundi B lilivyozidi kwa familia za wafanyabiashara waliotoka Bara Hindi, jinsi O lilivyotawala kwa watu wa pwani, na jinsi watu wa nyanda za juu walivyokuwa na mchanganyiko wao, nusu ukielekea Afrika na nusu ukielekea visiwa vya mashariki ya mbali. Alilitaja jambo hilo kwa sauti ya chini, kama mtu anayesoma barua ya wazee wake. Lakini kila mara alimalizia hivi: "Kila kundi lipo kila mahali. Kinachobadilika ni kiasi."

Alikuwa na mfano wa magunia. Siku moja, katika duka la nafaka Mahabibo, alichota maharage kutoka magunia mawili. Gunia moja lilikuwa na meupe mengi na mekundu machache, jingine kinyume chake. "Nikikupa gunia zima," aliniambia, "utajua ni lipi. Sasa fumba macho." Akaniwekea punje moja kiganjani. "Fumbua. Nyeupe. Imetoka gunia gani?"

"Yawezekana lile."

"Yawezekana! Umeongea vizuri. Andika 'yawezekana' na ulale kwa amani."

Mwenye duka akamwambia, "Zama, ukimaliza kufundisha, rudisha punje zangu. Hizo zina asili moja tu, nazo ni za kwangu."

Alirudisha. Alihesabu.

Mtu aliyelijua jambo hilo hivyo ndiye aliyesema ile sentensi ukumbini. Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini. Nadhani ni uchovu, na nadhani pia ni furaha. Ile alama ya pili ya damu, ambayo vitabu vinaiita Rhesus, ilikuwa chanya, yaani chembe zilishikana, kwa karibu kila mtu aliyempima. Hasi alikuwa ameipata kwa wachache sana. Vitabu vyake vyote vilitoka Ulaya, na huko hasi ni jambo la kila siku. Tone la Zaina lilipokataa kushikana, aliyesema hakuwa yeye. Vilisema vitabu.

Alikuwa mtu wa kinyume na nafsi yake katika mengine pia. Aliwachoma maelfu, lakini sindano ya meno ilimfanya azimie. Alidai usafi wa vigae hata akavisuuza kwa maji ya mvua aliyokinga mwenyewe, ilhali kanzu yake ya Ijumaa ilikuwa na doa la iodini lililodumu miaka. Alichukia uvumi, na hakuna aliyejua habari za mitaa kuliko yeye.

Na alikuwa na hadithi ya Nosy Be, aliyoisimulia dhidi yake mwenyewe. Alipoanza kazi alipelekwa kwenye mashamba ya ilangi-ilangi, yale maua yanayokamuliwa manukato, kupima vibarua. Vidole vyao, alisema, vilinukia kama harusi. Wanaume wawili walikuja pamoja. Mmoja, ambaye lafudhi yake ilikuwa ya Ngazija tupu, aliulizwa asili ya baba akajibu, "Msakalava wa hapahapa." Mwenzake, Msakalava wa kuzaliwa, akajibu, "Mngazija." Mpimaji akaandika. Siku ya pili akawasikia wakitaniana, akagundua.

"Kwa nini mlinidanganya?"

"Nani kakudanganya, zama? Sisi tulifanya fatidra. Tulichanjana, tukalambana damu, tukaapa. Baba yake ni baba yangu. Ulitaka nimkane baba yangu mbele ya kitabu chako?"

Undugu wa kuchanjana kwetu si mchezo. Aliyeapa anazika na kurithi pamoja na ndugu yake huyo. Mpimaji alijua hilo tangu utotoni, lakini akiwa na kalamu mkononi alilisahau. Alirudi shamba zima, kibanda kwa kibanda, majuma mawili, akiuliza upya: "Nani alikuzaa, tukiacha kiapo?" Wengi walikasirika. Mzee mmoja alimwambia, "Swali lako lina adabu ndogo kuliko sindano yako." Mpimaji alilinakili jibu hilo kwa wino mwekundu.

Sasa nirudi kwa Zaina.

Alikuwa na mimba ya tatu, ya miezi mitano. Mtoto wa kwanza alikuwa mzima. Wa pili alizaliwa na macho ya manjano, ngozi ikafuata, akafa siku ya tatu. Daktari mpya ndiye aliyeagiza apimwe. Mpimaji alinieleza kwa uangalifu. Damu ya mama ikiwa hasi na ya mtoto chanya, mwili wa mama unaweza kujifunza kuipiga vita damu ya mtoto, na ukishajifunza hausahau. "Mtoto wa tatu akiwa chanya," alisema, "sina dawa. Akiwa hasi kama mama yake, hataguswa."

"Na itakuwaje?"

"Inategemea anachobeba baba. Hicho sikioni."

Lakini Mahabibo haikuwa ikizungumzia mtoto. Ilizungumzia bibi yetu, aliyewahi kuwafulia nguo Wafaransa. Katika miaka ile ya bendera mpya, neno "Wazungu" lilikuwa zito mara mbili. Mama mkwe wa Zaina alikuwa mwanamke wa Kikomoro mwenye nasaba ndefu aliyoisoma bila kuvuta pumzi. Kwetu nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye anayehamia. Hakuweza kumfukuza Zaina nyumbani kwake. Aliweza kumwondoa mwanawe. Jumamosi baada ya sala ya alasiri alikuja kulichukua sanduku la nguo la mwanawe, na nje akamweka mvutaji wa posiposi, kile kigari cha kuvutwa na mtu, amsubiri.

Mume wa Zaina alikaa ameinamisha kichwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto wa mama yake. Zaina alikaa ukutani, mkono juu ya tumbo, akitazama sanduku. Mimi na mama yangu tulikaa kando yake.

Ndipo Mpimaji akabisha hodi. Hakuna aliyemwita. Kwapani alikuwa na kitabu, na mkononi kile kisanduku cha mbao kinachowekwa kibatari chini ili kigae kipate joto.

"Kadhi ana kitabu," mama mkwe alisema. "Wewe kitabu chako cha nini?"

"Cha majina ya watu, koko." Ndivyo wanavyoitwa bibi kwa Kikomoro. "Nimekuja kusahihisha. Nilisema damu hii ni ya Wazungu. Si kweli. Ni nyingi kwao na ni chache huku. Chache, lakini ipo. Nimeipata kwa watu ambao wazee wao hawakuwahi kufua shati la mtu."

Akaanza mfano wa magunia. Mama mkwe alimkatiza.

"Mimi sikuja kununua maharage. Nimekuja kumchukua mwanangu. Damu imeshasema."

"Damu haijasema kitu, koko. Nilisema mimi."

Kutoka nje mvutaji akapaza sauti, "Koko, sanduku liko wapi? Jua linanila mzima!"

"Likumalize!" mama mkwe akajibu bila kugeuka.

Mpimaji angeweza kusema jambo jingine. Baadaye aliniambia alilikaribia. Angeweza kueleza kwamba hasi hupatikana Afrika pia, na kwamba ingeweza kufika kwetu kwa wazee walioletwa pwani hii kutoka bara, wale ambao wengi hawawataji kwa sababu waliletwa wamefungwa. "Ningemtoa dada yako kwenye shimo moja," alisema, "nikamtia kwenye jingine."

Badala yake akaomba kuchoma vidole vya wote waliokuwamo. Alianza na Zaina tena, kisha mumewe, kisha mama yangu, kisha mimi. Mama mkwe alisita.

"Unaogopa, koko?"

"Niogope nini? Nimezaa saba." Akanyoosha kidole, akatazama dirishani.

Kibatari kilitoa moshi kidogo. Mpimaji alitikisa kigae taratibu, akihesabu kwa Kifaransa. Aliinama mpaka sikuona kitu zaidi ya mgongo wake. Kisha akafuta kigae kwa pamba, akafunga kitabu.

"Katika chumba hiki," alisema, "Zaina hayuko peke yake."

Mume wa Zaina aliinua kichwa.

"Nani mwingine?" mama mkwe akauliza.

"Sitasema. Jina la mtu halitoki kwenye kitabu hiki."

"La Zaina lilitoka!"

"Lilitoka, koko. Na tazama tulipofika."

Mama yangu alimtazama mama mkwe. Mama mkwe alimtazama mwanawe, kisha akatazama kidole chake, akakifunga ndani ya ngumi. Nilimwona anazipitia nasaba zake kimoyomoyo, kutoka jina hadi jina, na safari hii alisimama kuvuta pumzi. Mvutaji akaita tena.

"Mwambieni aende," akasema.

Sanduku halikutoka siku ile, wala baada yake.

Zaina alijifungua mwishoni mwa mvua, mchana. Alitoka damu nyingi. Mpimaji alikuwa ameshafungua kitabu tangu asubuhi, na mchinjaji mmoja wa Antanimasaja, Msakalava, alikuwa amekaa benchi la ukumbini akisubiri kuitwa, buti zake zingali na matope ya machinjioni. "Nimezoea kuitoa kwa ng'ombe," aliniambia. "Leo ng'ombe ni mimi." Aliingia akicheka, akatoka amenyamaza, nikampa chai yenye sukari nyingi. Damu yake ilikuwa hasi. Ndiyo iliyomrudisha dada yangu.

Mtoto alikuwa wa kike. Mpimaji alichukua tone kutoka kwenye kitovu, akaenda nalo maabara. Alikaa muda mrefu. Alitoka akasema neno moja, "Hasi," akaenda kunawa. Siku ya tatu tulimpeleka mtoto penye mwanga, mama mkwe akiwa wa kwanza, tukatazama macho yake. Yalikuwa meupe.

Nilimwona Mpimaji kwa mara ya mwisho miaka sita baadaye, nilipotumwa kukagua dawa za zahanati za Nosy Be. Alikuwa amestaafu, anakaa nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko la Hell-Ville. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Alinitambua kwa hatua, akaniuliza kwanza habari za friji.

Nilimwambia mtoto wa Zaina ameanza shule na kwamba bibi yake ndiye anayempeleka. Aliitikia kwa kichwa, akaniashiria rafu. "Kilete kitabu. Macho yangu hayasomi tena. Tafuta ile Jumamosi."

Niliitafuta. Mistari mitano, mwandiko uleule. Zaina, hasi. Mama yangu, chanya. Mimi, chanya. Mume wa Zaina, chanya. Mama mkwe, chanya.

Nilisoma mara mbili.

"Zama, ulitudanganya."

"Kitabuni kuna uongo?"

"Hakuna."

"Basi. Ulikuwa mdomoni tu. Ule wa kwanza pia ulikuwa mdomoni. Nilidhani wa pili ungeufuta. Nilikaa miezi minne siwezi kujumlisha hesabu. Sasa nenda mbele. Soma siku ya kuzaliwa mtoto."

Nilisoma: hasi.

"Mtoto hupokea nusu kwa mama na nusu kwa baba," alisema. "Ili damu ikatae kushikana, nusu zote mbili lazima ziwe za kukataa. Nusu ya pili ilitoka wapi?"

Nilielewa polepole, kama ninavyoelewa mambo yote. Mume wa Zaina alikuwa ameibeba bila kuonekana, imefunikwa. Naye alikuwa ameipokea kwa baba yake, au kwa yule mama aliyekuja na posiposi.

"Kwa hiyo ulisema kweli."

"Nilisema uongo, na mtoto akaja akaufanya kweli. Hayo ni mambo mawili. Yaandike mbalimbali."

"Kwa nini hukumwambia mama mkwe?"

"Nimwambie ili iwe nini? Angelibeba sanduku la nani?"

Nilipokuwa nikifunga kitabu niliona jambo ambalo vidole vyangu vilikuwa vimeligusa tangu mwanzo. Kila ukurasa ulikuwa na uwazi mrefu katikati, uliokatwa kwa wembe na rula. Safu ya asili haikuwapo. Kutoka Mangarivotra hadi mashamba ya ilangi-ilangi, hata yale majuma mawili ya kurudi kibanda kwa kibanda, yote yalikuwa yameondolewa. Zilibaki namba, majina, mitaa na makundi, vitu vya kumtafutia mtu damu.

Aliniambia bila kuulizwa. Mwaka aliostaafu alikuja mgeni, daktari kutoka ng'ambo aliyekusanya hesabu kama hizo nchi kwa nchi. Alikuwa mtu mpole na alikuwa na haki ya kutaka. Alitaka kukinunua kitabu kizima, majina na asili pamoja, na angekipeleka kwao. Mpimaji alikubali, akaomba usiku mmoja. Asubuhi alimpa kitabu kilivyo sasa. Mgeni alikipekua, akakirudisha kwa heshima, akasema kwamba bila safu hiyo hakina kazi kwake.

"Ilikuwa hesabu nzuri," Mpimaji alisema. "Pengine ingewafaa wengi. Lakini nilishaona mtu mmoja akisoma safu ile kuhusu punje moja, na sanduku likaja kuchukuliwa."

Nilimuuliza alikuwa ameahidiwa kiasi gani. Alikitaja kwa Kifaransa, kama alivyotaja kila namba. Kisha, akihofia labda sikusikia vizuri, akakirudia taratibu kwa lugha yetu ili nikiandike, kiasi kilichozidi mshahara wangu wa miezi mingi: faranga elfu sitini.